Kwetu "kuboresha" linamaliza kila kitu, kwenye kingereza utaumbuka: namna ya kuchagua neno

Wakuu, mimi nina kibanda cha stesheneri hapa Dodoma, njia ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachapa, naprinti, naskani, natoa kopi, na ajira zikitangazwa ndo hata chai ya saa nne sinywi maana vijana wanapanga foleni kuandikiwa barua na CV za kupandisha Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Sasa kuna neno moja nikiliona kwenye karatasi ya mteja najua hapa tutakaa, nalo ni "kuboresha". Mtu kaandika kiswahili safi kabisa, anataka kuboresha ofisi, kuboresha kilimo, kuboresha afya, kuboresha changamoto za maji, afu anakwambia we nigeuzie tu kwa kingereza. Kugeuza ndo shughuli yenyewe, maana neno letu limetoka kwenye bora na linabeba mizigo yote peke yake, wenzetu mzigo huohuo wameugawa kwa maneno zaidi ya ishirini na kila moja lina mahali pake pa kukaa.

Nilijifunza kwa aibu. Alikuja kijana na barua ya kuomba kazi, kaiandika mwenyewe kwa msaada wa kamusi ya kwenye simu, na katikati kaweka "I will ameliorate your company". Mimi nikaona neno zito, linanukia shule, nikaliacha, nikaprinti, akalipa buku akaenda zake. Baada ya wiki mbili karudi anacheka kile kicheko cha uchungu, kumbe usaili aliitwa na swali la kwanza aliloulizwa ni kwani umesikia hapa kwetu tunaumwa? Na kweli bana. "Ameliorate" mzizi wake ni kilatini melior, yaani bora zaidi, kwa hiyo ukilichana kwa herufi ni kuboresha kabisa kabisa, ila matumizi yake yamebaki kwenye hali mbaya: njaa, mateso, msongamano wa wafungwa, mambo ya hivo. Unai-ameliorate hali ikiwa inatesa watu. Ukiambiwa unataka kui-ameliorate ofisi ya mtu umeshamwambia ofisi yake ni balaa.

Kuanzia hapo nikajitungia swali moja ambalo namuuliza kila mteja kabla sijagusa kibodi: hicho kitu kilikuwaje kabla hujakigusa? Kilikuwa kimeharibika, kilikuwa kibaya chenyewe kwa asili, kilikuwa cha kawaida tu, au kilikuwa kizuri tayari? Kiswahili hakikulazimishi kusema, unasema kuboresha na maisha yanaendelea. Kingereza kila neno unalochagua linasema siri ya jana ya hicho kitu, hata kama hukutaka kuisema.

Tuanze na kilichokuwa kizuri tayari, hapo ndo pa "enhance". Ndani yake kuna altus ya kilatini, yaani juu, kwa hiyo ni kunyanyua. Mlenda mtupu ni mboga na unalika vizuri tu, ukitia karanga zilizotwangwa ume-enhance ladha, karanga hazikuutibu mlenda kwa sababu haukuwa na ugonjwa. Ndo maana kwenye barua ya kazi neno hili lina adabu, unamwambia bosi pako pazuri mimi nitapanyanyua kidogo. Ila lina masharti. Halisimami peke yake: "my English has improved" ni sawa, "my English has enhanced" sio sawa, lazima awepo anayenyanyua na kinachonyanyuliwa. Afu linapenda vitu visivyoshikika kwa mkono, ladha, heshima, thamani, uwezo, usalama, muonekano, baiskeli huwezi kui-enhance hivihivi watu wakakuelewa. Na tahadhari kubwa, ukilipeleka kwenye kitu kibaya linakinyanyua hichohicho kibaya, niliwahi kukuta kwenye andiko la mradi wa kikundi "to enhance poverty in our village", yaani wanaomba hela ili umaskini uzidi kupaa.

"Improve" sasa ndo ugali wenyewe, unakaa na kila mboga. Ukikwama kabisa weka "improve", hutakuwa fundi lakini hutaumbuka pia. Linasema kitu kimesogea kutoka kilipokuwa kwenda pazuri zaidi, halisemi kimefika wapi, kinaweza kuwa bado kibovu tu ila nafuu kuliko jana. Linasimama lenyewe ("her health improved") na linabeba mtu mwingine pia ("the doctor improved her health"), na ukiongeza "on" linamaanisha kupita kilichokuwepo, kwa mfano umepata divisheni tatu ukarudia ukapata mbili, ume-improve "on" matokeo ya kwanza.

Kitu nachokipenda kwenye neno hili ni asili yake, mnivumilie kidogo. Limetoka kwenye kifaransa cha zamani kilichokuwa kinaongewa Uingereza, na ndani yake kuna neno la faida, sio la uzuri. Lilikuwa neno la mashamba, kuchukua ardhi iliyokaa bure ukaifanya ilete faida. Mabaki yake mpaka leo yapo kwenye sheria zetu za ardhi, kule kwenye fidia utakuta "unexhausted improvements", ambayo kwa kiswahili tunaita maendelezo, yaani nyumba, kisima, miti, vitu ulivyoweka juu ya ardhi kwa jasho lako na bado vina thamani. Watu wa Dodoma waliopisha miradi hili neno wanalijua hata kama kingereza hawakijui. Na Waingereza walikuja kuli-improve pori la Kongwa hapo 1947 na matrekta yao wapate karanga, ardhi ikawakazia, mvua ikawanyima, 1951 mpango ukaachwa. Wazee wa huko wanaweza kukwambia vizuri kuliko mimi kwamba kuli-improve pori na pori kuwa bora ni mambo mawili.

Halafu kuna sehemu kiswahili ndo kinagawa na kingereza kinalala na neno moja. Mbegu bora, choo bora, majiko banifu, kwao vyote ni "improved": improved seeds, improved latrine, improved cookstove. Kwa hiyo ukiona "improved" kwenye karatasi ya shirika usikimbilie kuandika iliyoboreshwa, jiulize kwanza watu wa kijijini wanakiitaje.

Tukija kwenye barabara hapo mtanielewa haraka, maana Dodoma kila mtu ni mtaalam wa barabara. Ile ya kwenda Iringa kupita Mtera ilikuwa vumbi, ukifika nyusi nyekundu, ikajengwa kwa kiwango cha lami. Hiyo ni "upgrade", kitu kimetoka daraja hili kimeingia daraja lingine la juu, na kwenye nyaraka zao utakuta imeandikwa hivohivo, "upgrading to bitumen standard". Ya kwenda Morogoro lami ilikuwepo tangu zamani, ikichakaa inakarabatiwa, hiyo ni "rehabilitate", haijapanda daraja, imerudishwa kwenye daraja lake. Kuziba viraka na kufyeka majani pembeni ni "maintenance", na huyu maskini watu hawamhesabu kama kuboresha wakati ndiye anayezuia hao wengine wasihitajike. Kwa hiyo "upgrade" lazima kuwe na ngazi, madaraja, matoleo. Simu, tiketi ya treni, kituo cha afya kupanda kuwa hospitali, yote sawa. Mji ukipanda hadhi kama Dodoma ilivyotoka manispaa ikawa jiji 2018, wanasema "elevated to city status", ni kunyanyua tena lakini kwa sherehe, na mtumishi akipanda cheo ni "promoted", usimwambie bosi wako ame-upgradiwa. Kwa mtindo huohuo reli ya zamani inayoenda mpaka Kigoma ikishughulikiwa ni "rehabilitated", ila ya SGR, ile reli ya kisasa inayoleta abiria Dodoma tangu 2024 ni mpya, imejengwa kutoka sifuri na upana wake ni mwingine, ukiandika "the old railway was upgraded" msomaji atadhani mmeng'oa ile ya mkoloni mkaweka hii palepale.

Kuna ndugu yake "update" anayewachanganya watu kila siku. Kwenye simu unajua, "update" ni toleo lilelile limeletewa marekebisho mapya, "upgrade" umehama toleo au umenunua simu nyingine. Sasa cheki hii, tunaposema uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kingereza chake ni "update", sio "improvement". Kazi inayofanyika pale ni kuingiza waliotimiza miaka 18, kutoa waliofariki, kuhamisha waliohama. Daftari halikuwa baya, lilikuwa limepitwa na wakati, ni hali nyingine kabisa. CV pia, ukiongeza kozi uliyomaliza mwezi uliopita ume-update, ukipanga upya mpaka ikasomeka vizuri ume-improve.

Kilichoharibika nacho kina ukoo wake. "Repair" ni ya fundi mwenye vifaa, pampu, gari, paa, kiatu. "Mend" ni ya sindano na uvumilivu, nguo iliyochanika, wavu, uzio, mfupa unaounga wenyewe, na mgonjwa anayepata nafuu wanasema yuko "on the mend". Ni neno la nyumbani, lina upole ndani yake, moyo uliovunjika una-mend, hau-repairiki. "Fix" ni ya mdomoni, inafaa kila mahali mkiwa mnaongea, ila kwenye barua rasmi ipunguze, na ujue ina upande wa giza, mechi ikipangwa matokeo inaitwa "fixed". Sijui kama ndo ilipotokea fiksi yetu ya mtaani ya kudanganyana lakini zinafanana tabia. Na injini ikifunguliwa yote ikasafishwa, spea zilizokufa zikabadilishwa, hiyo wanaita "overhaul", na neno hilo linahamia hata kwa ofisi ikivunjwavunjwa na kupangwa upya.

Sasa maneno ya kurudisha, haya mengi yanaanza na re na kichwa kinauma. "Restore" ni kurudisha kitu kilivyokuwa mwanzo, jengo la kale, picha iliyofifia, imani, amani, umeme ukirudi. Ukitaka kulielewa mpaka mwisho nenda Kondoa. Kule mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha, ikaanzishwa HADO mwaka 1973, Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili majani yarudi. Hiyo ni "restoration", lengo sio ardhi iwe ya kisasa, lengo iwe kama ilivyokuwa babu akiwa kijana. Kisiki hai pia ambayo vijiji vingi vya Dodoma vinafanya siku hizi, unaacha machipukizi ya kisiki unayapogolea mpaka yanakuwa mti tena, ni "restore" hiyohiyo na hata mche hununui. "Renovate" ndani yake kuna upya, novus, nyumba inapigwa rangi inabadilishwa vigae inaonekana mpya, haijali ilikuwaje zamani. Kwa hiyo msikiti au kanisa la kihistoria waki-"restore" wazee watafurahi, waki-"renovate" wazee wanaweza kulia. "Refurbish" inapenda vya ndani na vilivyotumika, ofisi, hoteli, kompyuta na simu za mtumba zilizosafishwa zikawekewa betri mpya. Na "rehabilitate" tumeiona kwenye barabara ila kwa binadamu ni kumrudisha kwenye maisha, yule kijana aliyetoka sober house, nyumba ya kuachia madawa ya kulevya.

Nimefika kwenye kosa linalonipa hela nyingi zaidi ya yote. "Kuboresha changamoto za maji". Kiswahili chenyewe hapo kimeshapinda kidogo ila tunaelewana, ukigeuza "to improve water challenges" umeharibu. Kingereza kinaangalia unachokishika: kizuri unaki-improve, kibaya unakipunguza. Una-improve "water supply", una-reduce au una-ease "water shortage". Ukishika jambo baya maneno yako ni haya: "alleviate", ndani yake kuna wepesi, umempunguzia mtu mzigo kichwani lakini mzigo bado upo, maumivu, njaa, umaskini. "Relieve" inafanana nayo ila mtu anahema, ahueni inasikika. "Ease" ni nyepesi ya kila siku, foleni, masharti, kubanwa. "Mitigate" ni ya kupunguza makali au madhara, imejaa kwenye maandiko ya tabianchi, na usiongeze "against" mbele yake hata kama umeona wakubwa wanaongeza. Na hapa ndo kwao "ameliorate" sasa, mruhusu akae. "Solve" ni mpaka liishe, usiahidi "solve" kama unachimba kisima kimoja kwenye kijiji cha watu elfu sita.

Kwa kuwa Bunge liko hapahapa mlangoni, maneno ya sheria nayo napata wateja wake. Marekebisho ya sheria ni "amendment", unabadili kifungu, unafuta, unaongeza. "Mend" ya sindano tuliyoisema imezaliwa humo, imekatwa kichwa tu, na ndani yake kuna kasoro kutolewa. "Revise" ni kupitia upya yote, ndo maana utakuta sheria zetu zimeandikwa R.E. 2002 au R.E. 2019, ni Revised Edition, marekebisho yote ya miaka yameingizwa kwenye kitabu kimoja. "Reform" ni kubadili umbo la mfumo, na kiswahili cha serikali kinaiita maboresho, sio uboreshaji, kaherufi kadogo ila ukikosea mtu wa utumishi anakuangalia juu ya miwani. Makosa madogo ya tarehe na majina ni "correct", ukitaka lisikike la kiofisi ni "rectify", ambalo ndani yake ni kunyoosha. Jina lako kwenye cheti limekosewa, "I request you to rectify my name" watu wanaandika sana lakini aliyepinda ni herufi sio jina, andika "the error in my name".

Vya kusafisha nitapita haraka. "Refine" iangalie kwenye mafuta ya alizeti, yakikamuliwa hapa au Singida yanatoka na uzito wake na harufu yake, yakipita kiwandani yanatolewa uchafu na harufu, hayo ni refined. Kwa hiyo una-refine kitu kwa kutoa, sio kuongeza, wazo lako, mbinu yako, rasimu yako. "Hone" na "sharpen" ni kunoa, ujuzi. "Boost" ni ya wingi na nguvu, mauzo, mavuno, kama kubusti gari betri ikifa. "Optimise" ni kupata kilicho bora kabisa kwa ulichonacho bila kuongeza hela, usiitumie kwa mbwembwe. "Perfect" ukiifanya kitendo, yaani kukinyoosha kitu mpaka kisiwe na kasoro, mkazo wa sauti unahamia mwishoni.

Ila "polish" nisimame nayo. "Polish" ni kung'arisha kilichopo, kama kiatu, CV yako i-polish mpaka uone sura yako. Akija "embellish" kaa macho, hiyo ni kupamba, na kwenye maelezo ya mtu ni kutia chumvi, ulikuwa msaidizi wa stoo ukajiita meneja wa ugavi. Na kuna "doctor", wengine wanadhani ukii-"doctor" karatasi umeitibu, hapana, umeighushi. Mteja mmoja aliniomba ni-"edit" alama ya cheti chake cha fomu foo kidogo tu, nikamwambia kaka neno unalolitafuta sio "edit", na ile ripoti ya vyeti feki ya 2017 iliyoondoa watumishi zaidi ya 9,900 ilikabidhiwa pale pale UDOM, sio mbali na ulipokaa. Akachukua cheti chake akaenda.

Mfano wa mwisho mwone navyofanya. Wamama wa kikundi cha zabibu kutoka upande wa Mpunguzi walileta andiko la mfadhili, kwenye ukurasa mmoja kuboresha ilikuwa mara saba: kuboresha pampu, kuboresha mizabibu, kuboresha mavuno, kuboresha mvinyo, kuboresha chupa na lebo, kuboresha kipato, kuboresha hali ngumu ya wajane. Nikauliza swali langu moja moja. Mama pampu ikoje? Imekufa. "Repair". Mizabibu? Imezeeka tunataka miche mipya ile ya watafiti wa Makutupora. "Replace", na miche iwe "improved". Mavuno? Yapo ila kidogo. "Boost". Mvinyo? Mzuri, watu wanaupenda, ila una mashapo chini ya chupa. Hapo nikafikiri, nikaweka "refine". Chupa na lebo? Tunajazia kwenye chupa za maji. "Upgrade", bila ubishi. Kipato, "raise". Wajane, "ease".

Mwenyekiti wao akavaa miwani akapitisha kidole mstari kwa mstari, kingereza anakijua cha kuokoteza, akafika chini akaniangalia. "Mwanangu, mbona 'improve' umetuwekea moja tu, na sisi tumelipia kurasa mbili?"